Magadi ya Mama na Kisima cha Likombe

Likombe, Mtwara
Jumapili, baada ya ibada

Mama,

Maji ya Likombe hayana kosa. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe, na wewe hukuwa na subira na mtu anayezunguka. Maji yamepimwa, majibu yamerudi kutoka Dar es Salaam, nimeyasoma kwa macho yangu. Kisima ulichotuambia tukikimbie ni kisima kizuri. Kilichoyaunguza meno ya Aichi wangu, na ya Zainabu wa Bi Somoe, hakikutoka kisimani. Kilitoka jikoni kwetu, mkononi mwako.

Nimeandika sentensi hiyo nikainuka, nikaenda kuwamwagia kuku mtama, nikarudi. Bado ipo. Nimeiacha.

Naandika kwa herufi zilizoachana, kama zile nilizokuwa nakuandikia ubaoni. Watu wa hapa bado wanacheka wakikumbuka darasa letu la jioni la watu wazima, mwalimu ni mimi na mwanafunzi mkaidi kuliko wote ni mama yangu mzazi. Ulikuwa unanyoosha kidole na kuniita "Mwalimu!" kwa heshima zote, kisha tukifika nyumbani unauliza kwa nini mwalimu hajaosha vyombo. Ulijifunza kusoma ukiwa umepita miaka hamsini. Kwa hiyo barua hii ungeisoma mwenyewe, polepole, kidole chini ya mstari, wala usingehitaji mtu wa kukupunguzia makali.

Habari za huku, kwa kifupi. Sukari imekuwa shida. Duka la ushirika likipata, tunapanga foleni tangu alfajiri. Vita vya ng'ambo ya Ruvuma vimekwisha, na watu waliokimbilia huku wameanza kurudi kwao wakiwa na watoto ambao hawajawahi kufika huko kwao. Barnaba yuko bandarini bado, na msimu wa korosho ukianza mume wangu ni mgeni wa Jumapili. Aichi yuko darasa la pili, ana domo kama lako. Nami nina mimba ya miezi sita. Ungekuwapo, ungekuwa umekwisha kunikataza mambo kumi na mbili na kunilazimisha sita.

Sasa nirudi kwenye meno.

Unakumbuka tulivyofika Mtwara, Baba alipohamishiwa bandarini kuwa karani wa mizigo. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Meno yangu ya utu uzima yalikuwa yamekwisha kuota kwetu Meru, na yalikuwa na rangi ileile ya kila mtu wa kijijini kwetu, rangi ya chai isiyo na maziwa. Kule hakuna aliyeyashangaa. Mjomba alikuwa nayo, mchungaji alikuwa nayo, bibi harusi akicheka siku ya harusi yake alikuwa nayo. Ni huku pwani ndiko tulikojua kwamba tuna meno.

Wiki ya kwanza ulikwenda sokoni, ukawa unapatana bei ya muhogo na bibi mmoja wa Kimakonde, ana chale usoni na meno ya mbele yamechongwa yakawa na ncha. Alikutazama mdomoni kwa muda, kisha akakuuliza kwa adabu kabisa, "Kwenu nnayachoma kwa dawa gani?" Alidhani ni urembo. Kwao walichonga, basi akaona kwetu tunachoma, kila kabila na fundi wake. Ulicheka mpaka ukakalia gunia lake. Ukamwambia si dawa, ni maji. Maji ya mlimani kwetu huyaunguza meno ya watoto. Yule bibi akakuongezea vipande viwili vya muhogo, vya pole.

Wewe ulicheka. Mimi sikuweza. Shuleni waliniita Chai ya Rangi, nikajifunza kuongea huku mkono uko mdomoni, na mpaka leo wanafunzi wangu wanadhani ni heshima ya kimwalimu. Ndipo ukaanza kuniahidi. "Ruti mwanangu, wewe basi, yamekwisha kutokea. Lakini watoto wako watazaliwa huku, watakunywa maji ya huku, na wakicheka wataonekana mpaka gego la mwisho." Uhamisho ambao Baba aliulalamikia mpaka anafariki, wewe uliuita neema, kwa sababu ya maji tu.

Aichi alipozaliwa, Baba alikuwa ameshatutoka nawe umekuja kukaa nasi hapa Likombe. Likizo yangu ya uzazi ilipokwisha nilirudi shuleni, ukabaki na mtoto. Na mtoto alipofika umri wa kuonja chakula, ukampikia kile ulichonipikia mimi na ambacho bibi alikupikia wewe: maharage yaliyochemshwa na magadi mpaka yakalainika kabisa, ukayaponda na ndizi. Magadi ya kwetu hayakuuzwa duka lolote la Mtwara. Yaliletwa. Mama mdogo aliyafunga kwenye kitambaa, mabonge ya kijivu yanayofanana na chumvi chafu, akampa yeyote anayesafiri, yakapanda basi mpaka Dar na meli mpaka hapa. Mgeni akifika kutoka kaskazini, kabla hujauliza habari za wagonjwa uliuliza, "Magadi yangu yako wapi?" Maharage bila magadi, ulisema, ni kokoto, na mtoto si kuku.

Zainabu wa Bi Somoe, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa rika moja na Aichi. Naye alikula kwetu. Nilikuwa nikirudi kazini nawakuta wawili kwenye mkeka mmoja, sahani moja, wamejipaka maharage mpaka masikioni. Sikuuliza kwa nini. Kwako mtoto kula kwa jirani halikuwa jambo la kuulizwa.

Mwaka huohuo ndio walikuja watu wa maji, wakachimba kisima kirefu karibu na shule na kufunga pampu ya mkono. Kabla ya hapo tulichota bondeni, kwenye dimbwi ambalo mbuzi nao walikunywa humohumo. Siku ya kwanza ya pampu ulivaa khanga mpya kwenda kuteka maji, kana kwamba umealikwa.

Miaka ikapita, meno ya utoto yakang'oka. Aichi alipoota yale mawili ya mbele ulimwita mlangoni kwenye mwanga ili umtazame. Nilikuwa nasahihisha madaftari. Nilikuona umemshika kidevu humwachii, nikajua kuna jambo. Meno yalikuwa na mistari myeupe kama ya chaki, na katikati rangi ya kahawia imeanza. Baada ya miezi michache, ya Zainabu nayo yakatoka vilevile. Ulilia, Mama. Hata siku tuliyomzika Baba sikukuona ukilia hivyo. Kisha ukajifuta uso kwa khanga ukasema, "Yamenifuata."

Na ulikuwa na hoja, siwezi kukunyima. Watoto wakubwa, waliokunywa maji ya bondeni, walikuwa na meno meupe. Hawa wawili walikua na kisima kirefu, meno yao yakaungua. Maji ya kwetu yanatoka kwenye mwamba, ukasema, na haya nayo wameyafuata huko chini kwenye mwamba. Mimi ni mwalimu, nimesoma, na sikukubishia. Nilikuuliza mara moja tu mbona watoto wengine wa rika lao, wa pampu hiyohiyo, meno yao ni mazuri. Ulinijibu, "Yatafuata." Nikakubali.

Ukaenda kwa balozi wa nyumba kumi, akaitisha mkutano. Ulisimama mbele ya watu wazima wote wa hapa, mwanamke wa kuja, Kiswahili chako bado kina mlima ndani yake, ukasema, "Mimi maji haya nayajua. Nitazameni." Ukafungua mdomo. Kisha ukanigeukia. "Ruti, fungua wako." Nikafungua, mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu, na ardhi haikunimeza ingawa niliiomba. Ukawaeleza habari za mjomba, ambaye mgongo ulimpinda kabla hajazeeka na miguu ikakataa kunyooka. Ukasema mambo haya huanza na meno, yakamalizia na mifupa. Akina mama wakashika vifua. Siku ileile balozi akaufunga mkono wa pampu kwa mnyororo na kufuli, na kesho yake ndoo zikarudi bondeni.

Hukuwa na nia mbaya hata chembe. Ulitaka kuwaokoa. Nataka hilo liwe limeandikwa mahali.

Masika yale ukatuacha. Moyo, daktari alisema. Wakristo na Waislamu wa Likombe walikubeba kwa zamu, na balozi alisema pale kaburini kwamba umewaachia watoto wake meno na mifupa yao. Niliona fahari, Mama. Nilikuwa nalia na bado niliona fahari.

Na mvua hiyohiyo iliteremsha uchafu wote wa juu mpaka bondeni. Watoto wakaanza kuharisha. Kuna wiki nilifundisha madawati matupu. Mariamu, mtoto wa mwisho wa Bi Somoe, alilazwa siku tisa, ametundikiwa maji, macho yamezama. Alipona. Lakini nilimwona Bi Somoe anarudi naye mgongoni kutoka hospitali, na kesho yake asubuhi ana ndoo kichwani anateremka kuyafuata maji yaleyale, kwa sababu pampu aliyoiona akiwa mlangoni kwake ilifungwa kwa neno la mama yangu. Wakati ule niliona ni bahati mbaya tu. Tulikuwa tumechagua kuhara badala ya kupinda mgongo, na nani angetulaumu?

Mwaka huu Bwana Afya mpya alikuja kuchanja watoto shuleni. Aichi alipofungua mdomo kulia, yeye akasahau sindano akabaki anatazama meno. Nikamweleza yote. Akaomba aje kwenye darasa la jioni azungumze na watu.

Akatueleza kwamba kinachounguza meno kina jina, floraidi. Kimo kwenye mawe ya sehemu fulani, na huyeyuka kwenye maji. Kikiwa kingi huharibu meno ya mtoto yakiwa bado yanajijenga ndani ya ufizi, na kikizidi sana kwa miaka mingi hukamata mifupa. Hapo ulikuwa sahihi, Mama. Lakini kikiwa kidogo, akasema, huyaimarisha meno yasitoboke, na ziko nchi wanakitia majini kwa makusudi. Darasa likawaka. Balozi alisimama akasema, "Kitu chimoja hachiwezi kuwa dawa na sumu. Bwana mkubwa, chagua chimoja." Bi Somoe akamjibu kutoka nyuma, "Chumvi je? Tia konzi zima kwenye nchuzi wako, kisha uniambie." Mzee mmoja akasema watu wanaotia vitu kwenye maji ya wenzao wakiwa na akili timamu si wa kuigwa. Mwingine akauliza lililo la maana kuliko yote: kidogo ndiyo kiasi gani, na nani wa kutupimia? Bwana Afya akakiri kwamba hata wakubwa wake wanabishana kuhusu kiasi. Nilipenda kwamba alikiri. Nilitazama mahali ulipokuwa unakaa, maana kidole chako kingekuwa juu zamani.

Akajaza chupa mbili, moja ya kisima, moja ya bondeni, zikaenda na meli.

Majibu yaliporudi alikuja nayo moja kwa moja jikoni kwangu. Maji ya kisima yana floraidi kidogo mno, haidhuru mtoto. Maji ya bondeni ni machafu, hayafai hata kuoshea vyombo. Akakaa kwenye kigoda chako akaniuliza, "Mwalimu, hawa watoto wawili walikula nini utotoni ambacho wenzao hawakula?" Hajamaliza swali nikawa nimejua. Bonge lako la mwisho la magadi lilikuwa kwenye rafu nyuma yake, nusura limguse kisogo.

Nikamwambia, "Sijui."

Mimi ninayewachapa watoto kwa uongo. Wiki tatu niliutunza uongo huo na kuulisha. Nilijiambia marehemu hana mdomo wa kujitetea. Nilijiambia watu wa Likombe wanakutaja kwa heshima, na heshima hiyo ndiyo pekee uliyopata katika nchi ya ugenini, nani mimi wa kukuvua? Barnaba, nilipomweleza, alinishauri niwaambie tu maji ni mazuri, wafungue pampu, nawe nikuache upumzike. Nikajaribu. Nilikwenda kwa balozi na karatasi ya majibu mkononi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. "Kama si maji, ni nini?"

Nikaikunja karatasi.

"Basi nnyororo utabaki," akasema. "Marehemu mama yako alituonyesha meno. Wewe watuonyesha karatasi."

Hapo nilielewa nilipofika. Neno lako lilikuwa na nguvu kuliko serikali, na hakuna wa kulifungua isipokuwa mtu wa kusema lilikosea wapi. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Msimbati. Wiki chache tu na uchafu ungeteremka bondeni tena. Safari hii huenda Mariamu asingefikishwa hospitali.

Nikalichukua bonge nikalipeleka kwa Bwana Afya mwenyewe. Sikulia njiani. Nilikasirika. Nilikukasirikia wewe, nisikufiche. Vizazi na vizazi vya watu wenye meno ya chai tumekaa tunautazama mto na kuulaani, huku mkono wetu unakoroga chungu. Kisha nikakumbuka ni nani aliyekuwa akikusifia mchuzi mzito wa maharage kila siku kwa miaka yote hiyo, na hasira ikanirudia mwenyewe. Bwana Afya hakunilaumu kwa ule uongo. Akasema tu, "Nilidhani utakuja." Bonge likapelekwa kupimwa. Jibu likarudi kwamba limejaa floraidi. Maji ya kwetu Meru yana lao, alinieleza, lakini magadi huongeza juu ya hayo, na hapa Mtwara, ambako maji hayana neno, magadi yalitosha peke yake. Kwa kuwa Aichi aliacha kuyala baada ya wewe kuondoka, mifupa yake haina shaka. Meno ndiyo hayatarudi.

Mkutano ulikuwa Ijumaa hii, baada ya swala, palepale penye pampu. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kimwalimu, ina mafungu. Nilipowaona wamekaa, akina mama mbele na watoto mapajani, ikanipotea yote. Nikasema, "Mama yangu aliwaambia maji haya yanaunguza meno. Mama yangu alikosea. Yaliyounguza ni magadi aliyotia kwenye chakula, naye hakujua. Aichi aliyala na Zainabu aliyala. Watoto wenu wengine hawakuyala. Bi Somoe, meno ya mwanao yaliharibikia nyumbani kwangu. Na Mariamu alilazwa kwa neno lililotoka nyumbani kwangu. Naomba radhi."

Balozi alisema polepole, "Kikulacho ki nguoni mwako." Watu wakaguna. Yule mzee wa siku ile akauliza kwa sauti, kumbe hawa wageni walikuwa wanawalisha watoto wetu nini? Nikaona uso wa huyu na wa yule ukibadilika, nikajua jina lako linanitoka mikononi. Nikasubiri Bi Somoe asimame anitukane. Nilikuwa tayari.

Alisimama. Hakunitazama mimi. Aliwatazama wanawake wenzake.

"Mie nina neno," akasema. "Zainabu akiwa ntoto wa miezi sita, maziwa yalinikauka. Ntoto akakonda, akawa mifupa mitupu. Nanyi nkasema nimembemenda. Nmesahau?"

Mama, unajua uzito wa neno hilo. Mtoto mchanga akikonda, watu hawaulizi amekula nini. Husema mama yake hakutulia, ametembea nje akiwa ananyonyesha, na mtoto amebemendwa. Na mwanamke hutazama chini tangu siku hiyo. Sikujua. Nilikaa ukuta mmoja naye miaka yote na sikujua. Wanawake pale mbele walijua, kwa sababu kuna walioanza kuchezea pindo za khanga zao.

"Hapana aliyekanyaga uani kwangu," akaendelea. "Mama Ruti alikuja, mchana, nyie mko shamba. Hakuniuliza nimetembea na nani. Alinchukua ntoto, akanlisha maharage hayo hayo nnayoyasikia leo, kila siku, mpaka ntoto akasimama dede. Akaniambia, wakiuliza, tutasema Zainabu kaenda kucheza na Aichi. Na hakusema kwa ntu mpaka anaingia kaburini." Akamvuta Zainabu akamsimamisha mbele yake, mikono yake miwili juu ya mabega ya mtoto. "Meno yameungua, sikatai. Lakini ntoto ninaye."

Akamwendea balozi akanyoosha mkono. Balozi akatafuta kwenye mfuko wa kanzu, akampa ufunguo.

Mnyororo na kufuli vilikuwa vimeota kutu, ikabidi wanaume wagonge kufuli kwa jiwe. Pampu nayo ilikuwa imekauka. Ilikohoa muda mrefu bila kutoa kitu, nasi tukaisukuma kwa zamu, hata mimi na tumbo langu, mpaka Bi Somoe akanisukuma kando kwa kiuno. Maji yakatoka mekundu, kisha ya manjano, kisha meupe. Bi Somoe alikinga kiganja akanywa wa kwanza. Halafu wale wanawake wakasogea mmoja mmoja. Mmoja alimshika mkono. Mwingine hakuweza, akashika mkono wa pampu akasukuma kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Njiani Aichi akaniuliza, "Kwa hiyo Bibi ndiye aliyenichora meno?" Nikamwambia ndiyo, ila hakujua. Akatembea kidogo. "Angekuwa hai ningemgombeza." Nikamwambia hata mimi.

Siku hizi maharage nayaloweka tangu jioni na kuyapika kwa kuni nyingi na subira, na vyote viwili hupungua nyumbani kwangu. Nimemwandikia Mama mdogo asitume tena magadi, na asiyatie kwenye chakula cha wajukuu wake. Najua atasema mwanao amesoma mpaka amepotea. Nitamwandikia tena, na tena, mpaka akubali au achoke. Kule ambako maji nayo yana lao, magadi juu yake ni kuongeza chumvi kwenye kidonda.

Linaloniuma limebaki moja. Ungekuwa hai ningekuambia, nawe ungebisha. Ungesema huyo Bwana Afya ni mtoto wa juzi, aletwe umhoji mwenyewe. Ungebisha mpaka chakula kipoe. Kisha ungejifunga khanga, ukatoka bila kuaga mtu, ukaenda kusimama mbele ya watu walewale na kusema, "Nilikosea." Namjua mama yangu. Nilikufanyia kazi ambayo ungetaka kuifanya mwenyewe, na nimeifanya vibaya kuliko ambavyo wewe ungeifanya. Aliyestahili kuimalizia alikuwa Bi Somoe, naye aliimalizia kwa kitu ulichokificha.

Kwa nini hukuniambia habari ya Zainabu? Nimekuuliza hivyo tangu Ijumaa nikiwa nafagia, nikiwa nasahihisha madaftari ya hesabu. Nadhani najua jibu. Haikuwa siri yako.

Pumzika, Mama. Sikuombi radhi kwa kusema kosa lako mbele za watu, maana nisingesema, watoto wangeendelea kuteremka bondeni, na wewe usingenisamehe hilo. Ninachokuahidi ni hiki. Huyu anayekuja atanikuta nikisimulia habari za bibi yake, na atazisikia kamili. Popote nitakapotaja magadi yako, iwe ni kwake, iwe ni darasani, iwe ni kwa Mama mdogo huko kwetu, sitaondoka hapo kabla sijamtaja Zainabu.

Kwaheri, Mama yangu.

Mwanao,
Ruti